Hivi hizi programu za kushusha mafaili kwa amri, wget na curl, zinashindwa nini kuuliza kabla ya kugusa faili langu? Nimeunguza bando siku mbili!

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Kigoma, mwisho wa reli. Leo sina utani, nina hasira.

Nina kisteshenari changu Mwanga: kuchapa, kutoa kopi, kuweka Linux kwenye mashine za wateja zilizochoka. Juzi nikanunua bando la usiku, GB 6, nishushe ISO (faili la kuwekea Linux) ya GB 5.8. Nikaiachia wget kazi. Saa tisa usiku umeme ukakata, na ile kompyuta betri yake ilishakufa zamani. Uliporudi nikachungulia folda: 4.1G imeshaingia. Imebaki 1.7, bando limebaki 1.9. Nikamshukuru Mungu, nikairudia amri ileile, nikalala.

Asubuhi bando limekwisha. Kwenye folda kuna mafaili mawili: ubuntu.iso ya 4.1G, imekaa vilevile kama nilivyoiacha, na pembeni yake ubuntu.iso.1 ya 1.9G. Yaani wget iliona faili lipo, haikuuliza, haikuendeleza, ikaanza upya sifuri na kulipachika namba. Kumbe ilitaka niiongezee -c kwenye amri. Herufi moja tu, hela ya mboga imekwenda.

Jana nikamlilia dogo mmoja wa hapa mtaani, akaniambia achana na wget, tumia curl. Nikafuta ile ya .1, nikanunua bando jingine, nikaandika curl -O nikiamini itaanzia pale kwenye 4.1. Baada ya dakika moja nikapiga ls -lh nione faili limefika ukubwa gani.

38M.

Wakuu, nilikaa kimya. curl nayo haikuuliza. Ililifuta faili la zamani pale data ya kwanza ilipofika, ikaanza kuandika juu yake. Moja inakutengenezea pacha usiyemtaka, nyingine inakuzikia aliyepo!

Najua kuna wajuaji watakuja na "soma mwongozo". Nimeusoma usiku kucha, ndiyo maana nina hasira zaidi. Kwenye wget, -c ni kuendeleza. Kwenye curl, -c ni faili la kutunzia kuki za tovuti. Kuendeleza ni -C kubwa, halafu kistari, -C - hivyo. Kwenye wget, -O unaipa jina la faili, na ukiipa jina la faili lililopo inalikomba papo hapo, hata kama seva haijajibu kitu. Kwenye curl, -O maana yake chukua jina la faili lililo kwenye anwani ya hukohuko. Na kichekesho chenyewe: zote mbili zina --no-clobber, yaani usiharibu faili lililopo. Ya wget ukiiweka, faili likiwepo haishushi kabisa. Ya curl ikiona faili lipo inashusha na kuweka .1, yaani inafanya kilekile ambacho wget inafanya bila kuambiwa! Neno moja, maana mbili. Na curl ipo tangu 1998, lakini hiyo --no-clobber imewekwa 2022, na --skip-existing ya kuruka lililopo ikaja 2024. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanazikiwa mafaili tu.

Tena hilo la .1 lilishanitia aibu kabla. Nilikuwa na kiskripti kinashusha fomu fulani kila asubuhi ili wateja wakija nichape tu. Fomu ikabadilishwa. wget ikaiweka mpya kama fomu.pdf.1, ambayo ukiibofya Windows haijui hata ni mdudu gani, mimi nikaendelea kuchapa fomu.pdf ya zamani. Kopi arobaini. Wazazi wamerudi nazo mikononi, wamekunja sura, nimewarudishia hela zao mmoja mmoja. Dawa yake ilikuwa -N, inalinganisha tarehe na ukubwa, ikiona ya kwenye seva ni mpya inalibadilisha la kwako. Na msikimbilie -c kwa kazi hiyo: faili la seva likiwa limebadilika na kuongezeka, wget inaunga mkia mpya kwenye kiwiliwili cha zamani, unapata takataka isiyofunguka.

Mimi sisemi zisiwe na chaguo nyingi. Nasema hivi: faili lipo, mtu kakaa mbele ya kioo, muulize! "Lipo tayari: niendelee, nifute, au niache?" Ukinunua hata dagaa pale Kibirizi unaulizwa kama una mfuko. Kama ni skripti inayojiendesha yenyewe, sawa, hapo ikatae na kupiga kelele. Lakini kimyakimya hivi? Wenye mtandao wa kasi hawalioni tatizo, wao GB 4 ni dakika chache.

Kuna mdau anatumia kitu kingine chenye adabu ya kuuliza? Atupie hapa. Usiniambie niandike aliasi (jina fupi la amri ndefu), hiyo nimeshaweka.

Saa hii ni saa saba usiku, wget -c iko asilimia 61, umeme upo. Naandika kwa simu ya mama watoto, yangu ndiyo hotispoti, sitaki hata kuigusa.