Hiace ya zamani, Caravan au Noah kwa safari za Lushoto: ipi tuchukue?

MtuWaSoni
Wakuu, habari za jioni. Sisi ndugu watano tumechanga, tunataka gari moja la familia la kubeba watu kumi na kuendelea. Kazi yake ni Dar kwenda Soni, kule Lushoto, kwenye misiba na sikukuu, kupeleka wazazi hospitali, na siku nyingine likodishwe kwa harusi na safari za vikoba. Bajeti yetu ni ya gari lililokwisha kutembea hapa nchini. Kuagiza Japani tumeshindwa, ukijumlisha ushuru na ule wa uchakavu bei inapaa.

Mezani kuna matatu: Hiace ya zamani ya miaka ya 90 yenye injini ya 3L, Nissan Caravan E24 yenye injini ya TD27, na TownAce Noah. Ndugu mmoja anang'ang'ania Noah kwa sababu ya AC na viti vizuri. Wenye uzoefu tusaidieni. Tafadhali, wale wa "ongeza hela uchukue mpya" mpite kimya kimya.

DerevaWaSegera
Noah ni ya watu wanane mkuu, hao wengine utawaweka wapi? Najua kule Arusha na Moshi vijijini inabeba mpaka wa kwenye buti, lakini wewe unabeba wazazi.

FundiMkonoMweusi
Nizungumze kuhusu injini, hayo mengine wataongea wenzangu.

3L ni dizeli ya cc 2,800, haina turbo wala kompyuta, pampu yake ni ya kimakanika. Fundi yeyote wa Korogwe au Mombo anaifungua akiwa anapiga stori. Nguvu zake ni ndogo, farasi 90 hivi, kwa hiyo ukijaza watu kupanda Soni utapanda na gia ya pili na malori yatakupigia honi. Zoea tu. Cha kuogopa ni taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu. Inabadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Muuzaji akikwambia "ilibadilishwa juzi" bila risiti, hesabu haijabadilishwa, weka mpya kabla hujaondoka Dar.

TD27 ya Caravan haina belti hiyo kabisa, kazi yake inafanywa na gia ndani ya injini. Kwa injini peke yake mimi ningeipa Caravan alama zaidi. Tatizo ni vipuri vya bodi na vya chini. Vya Hiace unavipata kila mji wenye stendi. Vya E24 utapiga simu Kariakoo na Ilala, kisha usubiri basi la usiku likuletee.

Noah ya dizeli, ile 3C-T, kaa nayo mbali kwa njia yenu. Ni turbo ndogo inayosukuma gari zito, ikichemka mara moja silinda hedi inapasuka. Mombo kwenda Lushoto unatoka tambarare mpaka karibu mita 1,400, kona juu ya kona, AC imewashwa... utaniita. Mkishindwana sana na huyo ndugu, basi mchukueni ya petroli, ya 3S.

MamaWawili
Wanaume mmeanza na injini kama kawaida. Mimi nakodisha Hiace kwa shule, na ninachoangalia kwanza ni viti.

Hizi gari nyingi Japani zilikuwa za kubebea mizigo. Zilikuja na kiti cha mbele na labda kimoja cha kukunja, hivyo vingine vimefungwa hapa hapa na mafundi wa kuchomelea. Lala chini ya gari na tochi uangalie bolti za viti zinatokea wapi. Zikiwa na bamba nene la chuma kwa chini, sawa. Zikiwa na washa tu, vile vipete vidogo vya bolti, au mguu wa kiti umechomelewa juu ya bati la sakafu, siku ya breki kali kiti kinang'oka na watu wake. Halafu kaa safu ya mwisho, mwambie mtu asukume kiti cha mbele yako kwa nguvu zake zote. Utajua.

Mikanda nayo msiulize kama ipo. Vuta kila mmoja mwone kama unafunga.

JamaaWaUkunda
Salamu kutoka pwani ya Kenya. Huku hiyo Hiace twaiita Shark. Haziingii mpya tena, kwa sababu gari iliyozidi miaka 8 haikubaliwi nchini, na umbo hilo Japani lilibadilishwa mwaka 2004. Zilizobaki ni zilezile zazunguka kwa wenyewe.

Langu ni moja tu: usinunue iliyokuwa matatu, au daladala kama msemavyo. Watazipaka rangi, lakini angalia kidato cha mlangoni. Pale makanga, yaani konda, aliposimama miaka yote, bati limelika hadi lang'aa. Angalia pia mpira wa pedali ya klachi, na wenzo wa gia ulio kwenye usukani: ukiutikisa na ukacheza kama kijiko kwenye kikombe, bushi zimekwisha na siku moja gia zitakupotea mlimani. Tafuta ya hoteli au ya taasisi.

KijanaWaBombo
Hiace mnaisifu kwa mazoea tu. Ninayo Caravan, haitikisi watu. Vipuri si shida kiasi hicho.

FundiMkonoMweusi
@KijanaWaBombo lini mara ya mwisho ulitafuta kioo cha mlango wa pembeni cha E24?

KijanaWaBombo
Sawa, hicho kilinichukua muda 😂

MtuWaSoni
Asanteni sana. Kuna mtu kaniambia Hiace ya petroli, 1RZ, inauzwa bei ya chini na haina kelele. Vipi hiyo?

FundiMkonoMweusi
Bei iko chini kwa sababu inakunywa. Tegemea kilomita 7 au 8 kwa lita ikiwa imejaa, wakati 3L inafika 10 ukiiendesha kistaarabu. Ina cheni badala ya belti, hilo ni zuri. Ukiwa wa Dar tupu ungefunga mfumo wa gesi asilia ukapumua, ila ukishatoka Dar vituo vinaadimika.

Ukienda kukagua, nenda asubuhi na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Inua kiti, shika injini kwa kiganja, iwe baridi kweli. Ikishawaka fungua mfuniko wa oili. Ikitoa moshi kwa mikupuo kama mtu anayehema, ringi za pistoni zimekwisha.

Na jambo ambalo watu hawalisemi: kushuka Soni ndiko kubaya kuliko kupanda. Gari hizi magoti yako ndiyo bampa, nyingi hazina mfuko wa hewa wala ABS ya kuzuia matairi yasigande ukifunga breki. Badilisha maji ya breki yote, shuka na gia ileile uliyopandia.

KaraniWaBima
Kwenye suala la kukodisha, msicheze. Namba ya njano ni ya gari binafsi. Mkibeba harusi kwa malipo mnahitaji namba nyeupe, leseni ya LATRA, wale wa usafiri wa ardhini, na dereva mwenye daraja C. Bima ya matumizi binafsi haiwezi kuwalipa abiria wa kukodi, hata kama mna bima kubwa.

MtuWaSoni
Basi Noah imetoka, ndugu yangu amenuna lakini atakula ubwabwa wa harusi kama kawaida. Nimepata Hiace mbili za 3L. Moja Temeke, ilikuwa daladala, bei nzuri mno. Nyingine Tanga mjini, nyeupe, ilikuwa ya shule, iko juu kidogo.

MamaWawili
Hiyo nyeupe ya Tanga kama ndiyo ninayoifikiria, nimeipanda. Mlango wa nyuma haufungi mpaka uupige bega na mfereji wa paa umeoza upande wa kushoto. Viti vyake lakini vimefungwa na bamba, niliangalia mwenyewe. Mwambie akupunguzie hela ya bati na taiming belti, akikataa nishtue inbox, mwenye gari tunafahamiana.