Nimemaliza digrii ya mikrobiolojia, nataka utafiti wa chanjo: masta au maabara kwanza?

BintiTudor: Assalamu alaikum wakuu. Niko Mombasa, lengo langu ni chanjo za malaria. Nyumbani wanataka niunganishe masta moja kwa moja. Nyinyi mwaonaje? Na kwenye usaili hutakiwa kujua kazi gani za maabara?

PipetiKizingo: Waalaikum salaam dada. Jaribu Kilifi kwanza. KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, wapo pale tangu 1989, na chanjo za malaria RTS,S na R21 zote zilijaribiwa huko. Masta utaichagua vizuri ukishajua unapenda elimu ya kinga, takwimu au majaribio ya binadamu.

Jizoeze kutenga seli nyeupe. Damu ya chupa ya heparini (dawa ya kuzuia isigande) changanya nusu kwa nusu na PBS, yaani maji ya chumvi ya maabara, imiminie polepole juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g (nguvu ya mzunguko) dakika 30 kwenye joto la chumba, breki imezimwa. Wengi huharibia hapo kwenye breki: mashine ikikatizwa ghafla, ule utando mweupe wenye seli zako unavurugika na huna tena cha kunyonya. Ficoll nayo isitoke friji papo hapo, utaokota seli nyekundu.

Makupa_Kinga: Kugandisha seli pia. Tumia DMSO, kemikali inayozikinga na barafu, asilimia 10, na ufanye upesi kwani ni sumu kwa seli zikiwa na joto. Zishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha nitrojeni ya kimiminika. Zikisahauliwa −80 kwa miezi, nyingi hufa, na sampuli ya damu aliyotolewa mtoto siku ile haipatikani tena. Kuyeyusha ni kinyume: haraka, maji ya nyuzi 37.

BintiTudor: Na elisa, kile kipimo cha kingamwili au antijeni kwenye sahani? Chuoni twaigusa tu.

PipetiKizingo: Visima (vishimo vya sahani) vya ukingoni vikisoma tofauti na vya kati, shuku joto: vimekauka, au sahani haikupata moto sawasawa. Ifunike, na usirundike sahani. Kila sampuli visima viwili. Vikipishana sana, rudia.

LikoniFeri: Kwenye CV "najua elisa" haisemi kitu. Taja antijeni (kile kingamwili inachokishika), idadi ya sampuli, na visima pacha vilipishana kwa asilimia ngapi. Chukua na cheti cha GCP (kanuni za majaribio ya binadamu), yapo mafunzo ya bure mtandaoni. Halafu wewe umeshahitimu, kwa hiyo omba intanshipu. Atachimenti, mafunzo ya vitendo kazini, ni ya walio bado chuoni, na barua ikienda kwenye dirisha lisilo lake haijibiwi.