Naomba ushauri: programu ya kumkumbusha daktari azungumze na mvutaji

Daktari wa Kituo cha Afya: Ndugu wanajamvi, kwa siku naona wagonjwa 40 na zaidi, na wengi wanaokuja na kikohozi au shinikizo la damu ni wavutaji wa sigara. Mafaili yetu sasa yamo kwenye kompyuta, lakini kuhusu sigara kuna kisanduku kimoja tu cha "anavuta" au "havuti", nami nikishakijaza humwita anayefuata bila kusema neno. Fundi wa mfumo yuko tayari kuongeza kitu kidogo. Nimwombe nini, ili ushauri uwe wa dakika 3 tu?

Muuguzi wa TB: Daktari, usikubali dodoso refu. La Fagerström, linalopima jinsi mtu alivyotawaliwa na nikotini, lina maswali 6, ila mawili ndiyo yenye uzito: baada ya kuamka hukaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza, na kwa siku huvuta ngapi. Anayewasha ndani ya dakika 5 hupata alama 3, na anayevuka saa nzima hapati kitu. Maswali hayo yaulizwe mgonjwa anapopimwa presha, ili akifika kwako alama ziwe tayari kwenye skrini. Ugoro nao uulizwe peke yake, kwani mzee anayeubwia atakujibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba havuti.

Fundi Programu: Dirisha la ukumbusho linalojitokeza kwenye skrini kila mara hufungwa bila kusomwa. Lijitokeze kwa mvutaji tu, likiwa na nafasi ya tarehe ya kuacha, kisha mfumo wenyewe umtumie ujumbe katika wiki ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ujumbe usitaje sigara, maana simu moja husomwa na nyumba nzima.

Niliyeacha: Daktari wa kwanza alinisomea onyo lote macho yakiwa kwenye kompyuta, nikatoka nikawasha nyingine getini. Wa pili aliniuliza ni sigara ipi nisiyoweza kuikosa. Nikamjibu ile ya baada ya chai ya asubuhi, tukaanzia hapo.

Daktari wa Kituo cha Afya: Ahsanteni. Je, programu ipendekeze pia viraka vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi ili kupunguza hamu ya sigara? Kwetu havipo.

Muuguzi wa TB: Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, lakini programu ipendekeze kile tu kilichopo dirishani kwa mfamasia wenu. Kwa sasa weka tarehe ya kurudi.