Tupeane uzoefu: umesubiri grin kadi muda gani kwenye ofisi ya eneo lako?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa sisi tulioomba grin kadi, yaani kadi ya ukazi wa kudumu, tukiwa hukuhuku Marekani. Kila mara napigiwa simu na mtu aliyekata tamaa: waliomba mwezi mmoja na rafiki yake, rafiki ana kadi mkononi, yeye hajaitwa hata kwenye mahojiano. Anaanza kuhisi faili lake lina kasoro. Mara nyingi halina kasoro yoyote, ila anaishi eneo la ofisi nyingine.

Maombi mengi ya kifamilia, ile fomu I-485 ya kuomba grin kadi ukiwa ndani ya nchi, hupitia kwanza kituo cha Lee's Summit, Missouri. Wanaangalia kama karatasi zimetimia na alama za vidole zimerudi safi, kisha kama unatakiwa kuhojiwa faili linapelekwa ofisi ya eneo unaloishi. Hapo ndipo foleni zinapoachana. Maafisa wanaohoji watu wa grin kadi ndio haohao wanaohoji watu wa uraia, na kwenye miji yenye wahamiaji wengi kazi hizo mbili zinagombea vyumba vilevile.

Halafu ule muda unaoandikwa kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, tuuelewe vizuri. Ni muda ambao asilimia 80 ya maombi yaliyomalizika hivi karibuni yalikamilika ndani yake. Kwa hiyo katika kila watu 10, wawili walisubiri zaidi ya hapo, na si lazima wawe walikosa chochote.

Ukichangia taja aina ya ombi lako, kama ulihojiwa, na mambo gani yalikubana wakati unasubiri. Jina la ofisi si lazima.

Mama Pacha
Mimi nimetoka Mombasa, mume wangu ni raia. Tuliomba mwishoni mwa 2019. Barua ya mahojiano ikaja, tukafurahi, halafu tarehe 18 Machi 2020 USCIS ikafunga ofisi zake kwa umma kwa sababu ya korona. Zilianza kufunguliwa tarehe 4 Juni, lakini waliofutiwa miadi walikuwa wengi mno na ndani wanaingia wachache wachache. Sisi tukaja kuitwa mwaka uliofuata.

Afisa alikuwa mama wa makamo, ameshika kalamu nyekundu. Alipitia fomu yangu ukurasa kwa ukurasa, kila swali analoniuliza kwa mdomo analiwekea alama nyekundu pembeni. Alipofika kwenye anwani akasimama, kwa sababu tulishahama. Akataka mkataba wa nyumba mpya wenye majina yetu wote wawili, bima ya gari, na taarifa za benki za miezi ya karibuni. Zile tulizotuma mwanzo hata hakuzigusa. Ndugu zangu, ukisubiri muda mrefu ushahidi wa ndoa unazeeka. Nendeni na mpya.

Kuna jambo sikulitegemea kabisa. Siku wanaidhinisha, ndoa yetu ilikuwa imepita miaka miwili, kwa hiyo nilipewa kadi ya miaka 10 moja kwa moja. Mdogo wangu aliitwa haraka kwenye ofisi yao, akapewa ile ya miaka miwili yenye masharti, na sasa inabidi arudi na fomu I-751 ya kuondoa masharti ndani ya siku 90 kabla haijaisha muda wake. Ameanza foleni upya, na safari hii ni ndefu kuliko ya kwanza.

Mtu wa Uvira
Jambo kwa wote. Sisi tulifika kama wakimbizi, kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Mkimbizi anatakiwa aombe akishatimiza mwaka mmoja hapa, na ada ya I-485 halipi. Wengi wetu kwa daktari wa uhamiaji tunahitaji sehemu ya chanjo tu, kwa sababu vipimo vilifanywa kabla ya safari. Nimeona familia zikitozwa uchunguzi mzima. Ulizeni kwanza kabla ya kutoa pesa.

Hatukuitwa mahojiano. Kadi za watoto zilikuja mbele, yangu ikafuata, ya mama watoto ikakawia sana. Akawa hali vizuri, saa ya posta ikifika yuko dirishani. Aliamini wamemwona ana kosa, yeye ambaye hakuwahi kugombana na mtu hata kambini kwenye foleni ya maji.

Mfanyakazi wa shirika lililotupokea ndiye aliyemtuliza. Alimweleza kwamba kwa mkimbizi, tarehe ya kuwa mkazi inayoandikwa kwenye kadi ni siku uliyoingia Marekani, hata kadi ichelewe vipi, na miaka mitano ya kuomba uraia inahesabiwa toka siku hiyo. Bahasha yake ilipofika, tulitafuta mstari huo kabla ya kutazama hata picha. Ilikuwa tarehe ya uwanja wa ndege, sawa na yetu sote.

Mwanzisha mada
Asante sana, kaka. Niongeze kwa waliopewa hifadhi ya ukimbizi wakiwa tayari hapa: kwenu tarehe inarudishwa nyuma mwaka mmoja kabla ya siku ya kuidhinishwa, si siku mliyoingia. Kwenu kuchelewa kunauma zaidi, na haifai mtu awaambie mtulie tu.

Binti Tanga
Mimi ombi lilikuwa la ndoa pia, ila nitasema la msiba tu. Baba alifariki Tanga nikiwa katikati ya kusubiri. Kibali cha kusafiri nilikuwa nimekiomba pamoja na grin kadi, hakijatoka. Ukitoka nje ya nchi bila hicho kibali, kwa wengi wetu ombi zima linahesabiwa umelitelekeza. Mjomba ananipigia ananiambia, "Mwanangu, panda ndege, mengine Mungu atajua." Nilimjibu, "Mjomba, nikipanda leo sirudi kwa wanangu."

Kuna utaratibu wa dharura. Unapiga simu kituo cha huduma cha USCIS, unaeleza, wanakupangia miadi ofisi ya eneo lako. Nilikwenda na fomu I-131 ya kuomba hicho kibali, picha za pasipoti, risiti ya I-485, na hati ya hospitali ya kifo cha baba ikiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyosainiwa na mtafsiri. Hiyo tafsiri ndiyo ilinipa kazi, maana ilikuwa wikiendi. Dada wa msikitini akanitafsiria usiku, akasaini, akaandika anazijua lugha zote mbili. Afisa alizisoma zote bila kuinua uso, kisha akanipa pole. Nilitoka na kibali mkononi siku hiyohiyo.

Baba alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo kwetu. Niliwahi hitima.

Mwenye mzazi mgonjwa nyumbani asingoje hadi simu ya usiku ije. Barua ya daktari nayo inapokelewa. Itafsirini mapema, iwe tayari.

Mwanafunzi wa Zamani
Pole sana, dada. Mungu amrehemu mzee.

Mimi nilishinda bahati nasibu ya grin kadi nikiwa mwanafunzi. Kwetu kusubiri si suala la uvumilivu, kwa sababu mwaka wa serikali unaisha tarehe 30 Septemba. Kama ofisi haijaidhinisha hadi siku hiyo, ushindi wako umekufa, hata kama kosa si lako.

Kilichokwama kwangu ni faili la bahati nasibu, ambalo hutumwa kwa ofisi ya eneo kutoka kituo cha Williamsburg, Kentucky. Ofisi inasema haijalipata. Agosti ikaingia. Nikaenda ofisi ya mbunge wangu wa Congress, nikasaini fomu ya kuwaruhusu waulizie taarifa zangu, na binti mmoja pale akaandika barua akiweka tarehe 30 Septemba kwenye mstari wa kwanza kabisa. Niliitwa mapema Septemba, nikaidhinishwa wiki ileile.

Mwenzangu tuliyesoma naye, mwenye ombi safi kama langu, tarehe ilimpita. Amerudi Dodoma. Hilo bado linaniuma kila nikiandika habari hizi.

Mgeni Mgeni
Wakuu, mimi nimepitisha ule muda wa tovuti, ombi la ndoa, kimya. Kuna jamaa anasema nimpe dola 800, ana mtu wake ndani wa kulisukuma faili. Nimpe?

Mwanzisha mada
Usimpe hata senti. Si wakili huyo, na hata wakili hana mlango wa nyuma. Ulishalipa serikali: tangu Aprili 2024 I-485 ya mtu mzima ni dola 1,440, na kibali cha kazi ukikiomba nayo ni dola 260 zaidi.

Ingia kwenye tovuti, weka tarehe ya risiti yako. Ukifika tarehe ya kuruhusiwa kuulizia, ambayo huja baadaye kuliko ule muda wa asilimia 80, mfumo utakufungulia nafasi, na haufunguki kabla ya hapo. Kama ulihama, uliwaarifu? Sheria inakupa siku 10 kuwaambia anwani mpya, na mtu akihamia eneo la ofisi nyingine faili nalo linaweza kuhamia huko. Wakijibu kwa barua ileile ya "bado tunashughulikia", nenda kwa mbunge kama alivyofanya mwenzetu hapo juu. Huduma hiyo ni bure, na huhitaji kuwa raia.

Ikishindikana hapo, wapo wanaoishtaki serikali kwenye mahakama ya shirikisho ili ofisi ilazimishwe kutoa uamuzi. Mahakama haiwaamuru wakubali, inawaamuru waamue tu, kwa hiyo hakikisha faili lako ni safi kabla ya kufika huko, na tafuta wakili mwenye leseni.

Kwanza kabisa, angalia kibali chako cha kazi kinaisha lini. Kama ni miezi ya karibuni, omba kipya wiki hii, uje utuambie hapa umefika wapi.