MREJESHO: Klauni wangu wa Tanga wanaendelea vizuri

Wakuu, niliuliza kama samaki klauni waliozalishwa matangini wanaweza kuishi nyumbani bila anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri, ambaye klauni hujificha ndani yake), na kama maji ya bahari ya hapa Tanga yanafaa. Ahsanteni sana kwa majibu.

Wawili wangu wazima, wanakula chakula kikavu bila kusumbua kwa kuwa wamekizoea tangu wadogo. Anemoni sijaweka. Hawaihitaji, na yenyewe inataka mwanga mkali na tangi lililokomaa. Wamejichagulia kona karibu na pampu, ndipo wanapolala.

Maji nachota Raskazone bahari ikijaa, nachuja, napima chumvi mpaka isome 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji baridi yasiyo na chumvi). Masika sichoti, mto Zigi unashusha tope na maji ya mvua. Kipindi hicho natengeneza maji kwa chumvi ya akwariamu.

Mliosisitiza nisubiri bakteria wanaosafisha maji wakue hadi amonia na naitraiti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki) zisome 0 kabla ya kuleta samaki, Mungu awabariki. Hilo ndilo lililowaokoa.

Klauni wote huanza wakiwa madume, kisha mkubwa hugeuka jike. Wangu mmoja ameshaanza kumzidi mwenzake, na mdogo akisogelewa anatetemeka mwili mzima kuonyesha utii. Nafurahi mno kuwatazama! Umeme ukikatika nawasha pampu ya hewa ya betri.