Tovuti ya sauti za ndege haifunguki kwangu, ila Mombasa inafunguka. Shida iko wapi?

Hondohondo_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Tovuti ya sauti za ndege ninayoitegemea (inaishia na .com) imegoma tangu asubuhi. Chrome inaleta DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Ruta nimeizima na kuiwasha, kivinjari nimekisafisha, wapi. Ajabu ni kwamba mwenzangu wa Mombasa anaifungua bila tabu. Nimefungiwa mimi, au tovuti imekufa? Na sauti za bundi wa Sokoke nizipate wapi kwa sasa?

fundi_wa_ruta
Mkuu, hilo kosa limeshakwambia mengi. NXDOMAIN maana yake kifaa chako kimeuliza anwani ya jina hilo, kikajibiwa kwamba jina halipo. Seva yenyewe hujaifikia. Ingekuwa 502 au 503, seva ndiyo iko hoi, unasubiri tu. Ingekuwa 403, hapo ungeweza kuhisi umefungiwa.

Tenganisha hivi: zima Wi-Fi, jaribu kwa bando la laini. Ikifunguka, shida ni DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva) ya mtandao wa nyumbani. Kwenye Android 9 kwenda juu ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, andika dns.google. Usiandike 8.8.8.8 hapo, sehemu hiyo inapokea jina tu na namba itaikataa. Kwenye Windows fungua cmd, andika `ipconfig /flushdns`, kisha `nslookup jina-la-tovuti 8.8.8.8`, halafu rudia kwa 1.1.1.1 (hizo ni DNS za umma za Google na Cloudflare). Lete majibu.

Hondohondo_Tanga
Laini: vilevile. 8.8.8.8 na 1.1.1.1 zote zinasema jina halipo.

mlinzi_wa_majina
Basi si mtandao wako. Nenda lookup.icann.org, weka jina la tovuti, utazame mstari wa hali, yaani Status. Ukiona clientHold au redemptionPeriod, jina limesimamishwa, na mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe hajalipia. Tarehe ya mwisho isikudanganye: kwa .com, muda ukiisha sajili kuu huusogeza mbele mwaka mzima papo hapo, kwa hiyo utaona tarehe ya mwakani ilhali jina halijalipiwa. Hali ndiyo ya kuamini.

Msajili (kampuni iliyomwandikishia mwenyewe jina hilo) ana hadi siku 45 za kulifuta jina au kuliacha libaki. Likifutwa, mwenyewe bado ana siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu yeyote anaweza kulinunua. Kwa hiyo tovuti ikirudi na sura ngeni, usiingize nywila yako.

Mombasa inafunguka kwa sababu DNS ya kule bado imeshika jibu la zamani. Kwa .com, kumbukumbu hiyo inaweza kukaa sekunde 172800, yaani siku 2. Hiyo ni nafasi yako, itumie leo. Mwambie mwenzako aendeshe `nslookup jina-la-tovuti` bila kuongeza kitu, akutumie namba anayopata. Kisha kwenye kompyuta yako fungua Notepad kama msimamizi, ufungue faili hii ya majina na namba, ambayo kompyuta huisoma kabla ya kuuliza DNS: C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, uongeze mwishoni:

`203.0.113.25 jina-la-tovuti.com www.jina-la-tovuti.com`

Namba hiyo ni mfano, weka aliyokupa. Hifadhi bila .txt, funga kivinjari, fungua upya. Cheti cha usalama hakitalalamika, maana jina ni lilelile, mpaka kiishe muda wake. Kwenye simu isiyo na ruhusa ya root (ruhusa ya kubadili mafaili ya mfumo) njia hii haiwezekani.

Hondohondo_Tanga
Hali ni clientHold kweli. Nimeweka namba, kurasa zimefunguka! Ila sauti hazichezi, picha tu.

mlinzi_wa_majina
Sauti zinakaa kwenye jina jingine dogo, mara nyingi kitu kama media.jina-la-tovuti.com, nalo limezimwa pamoja na jina kuu. Bonyeza F12, fungua Network, cheza sauti moja: mstari mwekundu utakuonyesha jina lililokwama. Mwenzako aliulize nalo, uongeze mstari wa pili kwenye hosts. Pakua unachohitaji taratibu, faili mojamoja. Tovuti ikirudi, futa mistari yote miwili, la sivyo wakihamia seva nyingine utabaki unagonga mlango wa zamani.

fundi_wa_ruta
Na kama hiyo nafasi itapita, andika `web.archive.org/web/*/jina-la-tovuti.com/*` kisha chuja kwa mp3. Kurasa nyingi utazikuta, sauti ni bahati. Bundi wa Sokoke mtafute kwa jina la kisayansi, Otus ireneae, kwenye hifadhi za sauti za ndege, xeno-canto au Macaulay Library ya Cornell. Ukiandika jina la kawaida unaweza kuletewa vibundi wengine wa jamii ya Otus.