Msimamizi wa wodi mwenye hasira: kazi inaenda kwa sababu ya ukali wake?

ZamuYaUsiku: Wadau wa uuguzi, naomba hoja zenu. Wodi ya msimamizi mwenye hasira huonekana imenyooka: faili zimejazwa, na taarifa za makosa ya dawa kwa mwezi ni sifuri. Kwa msimamizi mtulivu zinafika nne au tano. Kwa karatasi hizo, mkali ndiye kiongozi bora. Ni kweli? Na ambaye hasira zake ziko karibu afanyeje?

DoziSahihi: Mkuu, hiyo sifuri ndiyo ya kuogopa. Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya dawa wodini, akachapisha matokeo mwaka 1996. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache, akakuta ndizo zinazoripoti mengi. Watu wa timu hizo hawaogopi kusema. Kwa mkali makosa yapo, ila yamefichwa.

Chukua insulini. Chupa ya kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita. Sindano za insulini zikiisha stoo, muuguzi akachukua bomba la kawaida na kuvuta mililita 1 akidhani ni yuniti 10, mgonjwa amepata mara kumi ya dozi. Akisema mara moja, sukari inapimwa, glukosi inatolewa, mgonjwa anapona. Akinyamaza saa mbili kwa kuogopa kufokewa, mgonjwa anaweza kukutwa hajitambui. Na msimamizi anayefoka hatajua kamwe kwamba sindano ziliisha stoo, kwa hiyo wiki ijayo kosa linarudi kwa mtu mwingine.

Mama wa Zamu: Naongezea la vitendo, maana kumwambia mtu "punguza hasira" hakumsaidii. Ukiletewa kosa, sentensi ya kwanza iwe "Mgonjwa yukoje sasa?" Ya pili: "Umempima nini, na daktari amejulishwa?" Zikariri kabla, kwa sababu ukishapandwa na hasira hutunzi sentensi nzuri. Swali la "nani" liache. "Ilikuwaje?" lingoje mgonjwa atulie, tena faragha, si mbele ya wanafunzi na ndugu wa mgonjwa. Na jamani, karipio lisiandikwe kwenye grupu la WhatsApp usiku. Asubuhi wewe umeshasahau, lakini zamu nzima imelisoma.

Ukishapaza sauti, rekebisha kabla zamu haijaisha, mbele ya walewale waliosikia: "Nimekufokea, haikuwa sawa. Suala la dozi bado tutalizungumza." Unaomba radhi kwa sauti uliyotumia, kiwango cha kazi hukishushi. Wengi hukosea hapa: wakishaomba radhi wanaliacha na kosa lenyewe.

Mizani: Nakubali, ila tusiwasahau wapole wanaokwepa. Msimamizi anayetabasamu huku mtu akichelewa dakika 40 kila siku anawatwika mzigo waliowahi. Huo nao ni udhaifu wa hisia: anaogopa kuchukiwa. Na kwa maoni yangu, kuliko mkali wa kila siku, mbaya zaidi ni kigeugeu. Jumatatu anacheka na kosa, Alhamisi kosa lilelile analifanya kesi. Watu wanaacha kumsoma mgonjwa, wanaanza kusoma uso wa bosi.

ZamuYaUsiku: Asanteni. Na dharura je? Mgonjwa akiacha kupumua, upole utafaa?

DoziSahihi: Sauti kubwa si hasira. Taja jina, toa agizo moja, na aliyeagizwa alirudie: "Asha, adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa." "Adrenalini miligramu 1, naandaa." Akishatoa aseme "imetolewa", na mwingine aandike saa. Ukifoka hewani "Hamuoni?!" watatu watakimbilia oksijeni na hakuna atakayebana kifua. Pia waulize wote, "Kuna nililosahau?" Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inataka timu ijitambulishe kwa majina na majukumu kabla ya kukata ngozi. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Si utambulisho peke yake uliofanya hivyo, orodha ina vipengele 19, lakini aliyekwisha kutaja jina lake chumbani huona wepesi kusema "daktari, subiri".